Bajeti ya Kuhamisha Vyombo Kutoka Mtwara Kwenda Ng'ambo

Mtu akitangaza huku kwetu kwamba anahamia ng'ambo na familia yake, swali la kwanza analoulizwa na ndugu ni kontena bei gani. Swali hilo lina jibu, lakini jibu lake halisaidii kupanga fedha, kwa sababu nauli ya meli ni kipande kimoja tu cha gharama, na mara nyingi si kipande kikubwa. Familia yetu inajiandaa kuhamia Uingereza baada ya mume wangu kupata mkataba wa kazi, na mimi ndiye niliyekabidhiwa daftari la hesabu. Tangu niwe na daftari hili nimezungumza na mawakala wa forodha, na madereva wa malori, na akina mama wa hapa Mtwara ambao watoto wao wameshahamia Oman, Ujerumani na Kanada, na jambo moja limenikaa moyoni kuliko mengine yote: bajeti inayosimama ni ile inayopima ujazo wa kila kitu ndani ya nyumba kabla ya kuuliza bei yoyote, kisha ikahesabu gharama kutoka mlango wa hapa hadi mlango wa kule. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu nimeona fedha ya pango la miezi ya mwanzo ugenini ikimezwa na makochi.

Tuanze na kupima. Mizigo ya baharini hutozwa kwa mita ya ujazo, ambayo mawakala huiita CBM, na kuipata ni kazi ya futi ya fundi na dakika chache: urefu mara upana mara kimo, vyote kwa mita. Kwa mzigo unaochangia kontena na mizigo ya watu wengine, msafirishaji hulinganisha ujazo na uzito, tani 1 ikihesabiwa sawa na mita 1 ya ujazo, kisha hutoza kwa kile kilicho kikubwa. Vyombo vya nyumbani ni vyepesi kwa ukubwa wake, hivyo karibu kila mara ni ujazo unaolipiwa, na kwa sababu hiyo mito, magodoro na makochi, vitu ambavyo mtu hubeba kwa mkono mmoja au viwili, ndivyo vinavyokula fedha nyingi. Aidha, wasafirishaji wengi wana kiwango cha chini cha malipo, kwa kawaida mita 1 ya ujazo, kwa hiyo anayetuma katoni tatu hulipa kama aliyejaza mita nzima.

Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani yenye urefu wa takriban mita 5.9, upana wa mita 2.35 na kimo cha mita 2.39, yaani mita za ujazo 33 kwenye karatasi. Katika uhalisia, kwa sababu ya miguu ya meza, pembe za makabati na mapengo ambayo hakuna mpakiaji anayeweza kuyaziba, hesabu ya kuaminika ni mita 25 hadi 28. La futi 40 lina takriban mita 67. Nyumba ya vyumba viwili au vitatu iliyochujwa vizuri haijazi hata nusu ya kontena dogo, na anayelipia kontena zima kwa mzigo wa mita 8 analipia hewa. Lakini mzigo unapokaribia mita 15 hivi inafaa kuomba bei za njia zote mbili, kwa kuwa kontena zima lina bei moja, na tozo za kukusanya na kutenganisha mizigo ya watu wengi haziingii.

Baada ya kupima ndipo hesabu yenyewe huanza kusema. Tuchukue bei ya mfano, ya kufundishia tu, kwamba jumla ya gharama zote kutoka mlango hadi mlango ni shilingi 1,200,000 kwa mita 1 ya ujazo. Seti ya makochi yenye la watu watatu la urefu wa mita 2.1, la watu wawili la mita 1.5 na mawili ya mtu mmoja, yote yakiwa na kina cha sentimita 90 na kimo cha sentimita 85, ina ujazo wa karibu mita 4.3. Kuisafirisha ni zaidi ya shilingi milioni 5. Jokofu la wastani, la sentimita 60 kwa 65 kwa 170, lina mita 0.66, ambayo ni karibu shilingi 800,000. Katoni ya vitabu ya sentimita 45 kwa 35 kwa 30 haifiki hata mita 0.05, nayo ingegharimu shilingi 57,000 hivi. Mbuzi ya nazi ya kukunja, ikifungwa vizuri, ni shilingi elfu 11. Mbele ya kila kitu tumeandika namba mbili, gharama ya kukisafirisha na gharama ya kununua kingine kinachofanana nacho kule, kipya au kilichotumika, na tumepatana ndani ya nyumba kwamba kitu ambacho namba yake ya kwanza inazidi ya pili hakisafiri isipokuwa kwa sababu ambayo familia nzima imeikubali. Kwa utaratibu huo orodha yetu iliyokuwa na mita karibu 19 imeshuka hadi mita 6.

Sababu hizo za kifamilia zina uzito wake, na sitaki msomaji adhani kwamba daftari linapaswa kutawala kila kitu. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye Mikindani, aliomba kinu chake na mchi viende na wajukuu. Tulikipima kinu, kikaonekana kinachukua nafasi ndogo kuliko tulivyodhani, takriban mita 0.06, na nikamwambia, "Mama, kinu chako kinapita." Kanga, mikeka ya ukindu iliyokunjwa, mbuzi ya nazi, cherehani bila meza yake, vitabu vya Kiswahili vya watoto na picha za ukoo ni vitu vyenye ujazo mdogo ambavyo kule ama havipatikani ama hupatikana kwa shida, na kwa hesabu yoyote ile vinastahili nafasi. Kabati la nguo la mninga ni suala gumu zaidi. Likifunguka vipande bapa na kufungwa moja juu ya jingine, linaweza kupungua hadi theluthi ya ujazo wake. Lililogongwa misumari na kupigwa gundi litasafiri likiwa sanduku kubwa la hewa. Ni vyema kumwita fundi seremala aliangalie mapema.

Kuhusu vyombo vya umeme, jibu hutegemea nchi. Tanzania hutumia volti 230 na mzunguko wa 50 kwa sekunde, na plagi yetu ya pini tatu za bapa ndiyo ya Uingereza, kwa hiyo blenda na pasi vinaweza kuchomekwa kule bila kifaa cha ziada. Ujerumani volti ni zilezile lakini plagi ni nyingine. Marekani na Kanada hutumia volti 120 na mzunguko wa 60, na huko jokofu au mashine ya kufulia ya kwetu haina kazi bila transfoma ya bei kubwa. Anayehamia huko aviuze vyote.

Sasa nije kwenye jambo linalowahusu watu wa Mtwara na Lindi kuliko Watanzania wengine, nalo ni mpingo. Hakuna nyumba ya huku inayohama bila mtu kutaka kubeba kinyago cha Kimakonde, na pengine viti au meza vya mti huo. Jamii yote ya miti ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo, iliwekwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, kuanzia tarehe 2 Januari 2017. Maana yake ni kwamba biashara na usafirishaji wake kuvuka mipaka unasimamiwa kwa vibali, ingawa haujakatazwa. Upo msamaha kwa bidhaa zilizokamilika ambazo uzito wa mti huo hauzidi kilo 10 kwa shehena moja, na msamaha huo ndio unaowawezesha wasafiri kubeba vinyago vichache bila usumbufu. Lakini mpingo ni mti mzito kiasi kwamba huzama majini. Kinyago kimoja cha ujamaa kinachofika kiunoni kinaweza kuvuka kilo hizo peke yake. Kwa hiyo vinyago vipimwe kwenye mizani mapema, na ikiwa jumla inazidi kilo 10, bajeti iwe na mstari wa kibali cha kusafirisha, muda wa kukisubiri, na pengine kibali cha kuingiza, kwa kuwa Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zina masharti ya ziada ya kuingiza mimea iliyomo kwenye kiambatisho hicho. Mninga na mkongo navyo viliingizwa kwenye kiambatisho hicho mwaka 2023, lakini kwa magogo, mbao na mazao ya aina hiyo. Fenicha iliyokamilika si mlengwa. Anayefikiria kubeba mbao ghafi ili akatengeneze kitanda kule aache wazo hilo. Magamba ya kasa na chochote cha pembe za ndovu havisafiri kabisa, hata kama vilirithiwa kwa babu.

Kinu, mchi, vinyago na fenicha vichunguzwe pia kama vimebunguliwa. Unga laini unaodondoka chini ya mguu wa meza ni dalili kwamba kuna wadudu ndani, na mbao yenye wadudu ikikutwa na wakaguzi wa nchi kali kama Australia itafukizwa dawa au kuharibiwa, na gharama ni ya mwenye mzigo. Majani makavu, gome la mti, udongo kwenye soli za viatu na kwenye magurudumu ya baiskeli ya mtoto huleta matatizo hayohayo, na maji na sabuni vinatosha kuyaondoa. Kreti na paleti za mbao zinazofungia mzigo lazima ziwe zimetibiwa kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya ISPM 15, ambayo kwa njia ya joto ni kufikisha kiini cha mbao nyuzi 56 kwa dakika 30, na ziwe na mhuri unaothibitisha hivyo. Kreti iliyogongwa mtaani kwa mbao za kawaida, hata kama fundi ni hodari na bei yake ni nafuu, haina mhuri huo.

Gharama ya kuutoa mzigo Mtwara ndiyo ambayo makadirio ya mawakala wa Dar es Salaam husahau mara nyingi, kwa sababu wao huhesabu kuanzia ghala lao. Tuna bandari yetu yenye kina kirefu cha asili, na katika msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, meli za makontena huja kwa wingi kuchukua korosho. Mwenye mzigo wa kujaza kontena zima anaweza kuulizia nafasi wakati huo, na akifanikiwa ataepuka safari ya barabara. Lakini kwa mzigo wa kuchangia kontena, wakusanyaji wako Dar es Salaam, na katoni zetu lazima zipite barabara ya takriban kilomita 560 kupitia Lindi, Nangurukuru, Somanga na Daraja la Mkapa. Malori yanayoleta bidhaa za madukani huku mara nyingi hurudi bila mzigo wa kutosha, na mwenye lori anayerudi mtupu ana bei tofauti kabisa na anayekodiwa kwa safari maalumu. Ni vyema kuwauliza wafanyabiashara wa jumla ni malori gani huwaletea mizigo. Lori lililobeba saruji siku iliyopita lifagiliwe na kutandikwa turubai chini na juu. Na barabara hiyo ina majira yake: kimbunga Hidaya kilipofika mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoambatana nacho zilikata barabara upande wa Kilwa na kuacha magari yamekwama pande zote mbili. Yeyote anayepanga kusafirisha vyombo katika miezi ya mvua aache nafasi ya wiki nzima au zaidi kati ya siku ya lori na siku ambayo kontena linafungwa Dar es Salaam, kwa sababu kontena la kuchangia halimsubiri mtu mmoja.

Wakala anapotoa makadirio, swali la lazima ni yanaishia wapi. Yapo yanayoishia bandari ya kule, na yapo yanayofika mlangoni. Bei ya kontena la kuchangia inayoishia bandarini huweza kuonekana ya kuvutia sana, kisha mzigo unapofika hufuata tozo za kushusha na kuhudumia kontena bandarini, kulitenganisha ghalani, kutoa hati ya kuruhusu mzigo, ada ya wakala wa forodha wa kule, ukaguzi wa mashine endapo forodha itauhitaji, na gari la kuufikisha nyumbani. Tozo hizo zote hulipwa kwa fedha ya kule, na mtu ambaye ndiyo kwanza amefika hana namna ya kubishana nazo, kwa kuwa mzigo wake umeshikwa. Nimejifunza kuomba makadirio yaandikwe kwa mafungu matatu, upande wa Tanzania, bahari, na upande wa Uingereza, na kila tozo iwe na jina lake. Wakala aliyekataa kufanya hivyo nimemshukuru na kumwacha. Wakala wa forodha pia awe na leseni ya TRA, na si kosa kuomba kuiona.

Muda ni fedha upande wa kule. Mzigo usiotolewa ndani ya siku za bure hutozwa hifadhi ya ghala, na kontena zima lisiporudishwa kwa wakati hutozwa tozo ya kulichelewesha kwa kila siku inayopita. Kinachochelewesha mara nyingi ni karatasi. Nyumba yoyote inayohama inapaswa kuwa na orodha kamili ya vitu, kwa Kiingereza au lugha ya nchi inayopokea, yenye namba ya kila katoni, vilivyomo na thamani yake. Katoni iliyoandikwa "vitu mchanganyiko" hualika ukaguzi.

Msamaha wa kodi ndio unaoweza kuokoa fedha nyingi zaidi kuliko mapatano yoyote na wakala, na masharti yake yanapaswa kusomwa kabla ya kununua hata kijiko. Kwa Uingereza, anayehamisha makazi huomba msamaha kwa HMRC, mamlaka ya kodi na forodha ya kule, kabla mzigo haujafika. Anapaswa kuwa ameishi nje ya nchi hiyo kwa angalau miezi 12 mfululizo, vitu viwe vimemilikiwa na kutumiwa naye kwa angalau miezi 6, na asiviuze wala kuviazimisha kwa miezi 12 baada ya kuviingiza. Umoja wa Ulaya una masharti yanayofanana sana na hayo. Marekani na Australia hutaka vitu viwe vimetumika kwa angalau mwaka mmoja. Kanada humtaka mhamiaji awasilishe siku anapoingia mara ya kwanza orodha ya vitu alivyonavyo na ya vile vinavyofuata nyuma, na kitu kisichoandikwa siku hiyo kinaweza kutozwa kikifika. Kwa hiyo desturi yetu ya kumnunulia msafiri vitu vipya vya kwenda navyo, seti mpya ya sufuria, mashuka mapya, kabati jipya la mpingo la zawadi, inagongana moja kwa moja na masharti haya. Kitu kipya hakina miezi 6 ya matumizi, na Uingereza kinaweza kutozwa VAT ya asilimia 20 pamoja na ushuru. Nimewaomba shangazi na mawifi zangu, kwa heshima zote, kwamba anayetaka kutuaga kwa zawadi atupe kanga ambayo itavaliwa kuanzia sasa, au fedha.

Bima ina mambo mawili yanayopuuzwa. La kwanza ni thamani: kitu kikatiwe bima kwa gharama ya kukinunua tena kule kinakokwenda, na orodha ya bima ilingane na orodha ya forodha, maana thamani mbili tofauti kwa sufuria ileile huzua maswali pande zote mbili. Pia isomwe sehemu inayohusu katoni zilizofungwa na mwenyewe, kwa sababu bima nyingi hazilipi kuvunjika kwa vitu vilivyo ndani ya katoni hizo, zikilipa tu endapo katoni nzima imepotea. Kwa sababu hiyo tumeamua kuwa vyombo vya udongo na vioo vifungwe na wafungaji wa kampuni, na nguo, vitabu na mikeka tufunge wenyewe.

Jambo la pili ni kanuni ya zamani ya bahari ambayo wengi huisikia kwa mara ya kwanza wakiwa wameshachelewa. Meli ikipata dharura na gharama zikatumika kuiokoa pamoja na shehena yake, wenye mizigo wote huchangia hasara hiyo kwa kulinganisha thamani ya mizigo yao, hata kama wa kwao haukuguswa. Hesabu yake huongozwa na Kanuni za York-Antwerp. Meli ya Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi 2021, wamiliki wake walitangaza uchangiaji huo, na wenye mizigo walitakiwa kutoa dhamana kabla ya kuachiwa makontena yao. Mwenye bima, dhamana hiyo hutolewa na kampuni ya bima. Asiye nayo huweka fedha zake taslimu akiwa ugenini. Kwa maoni yangu sababu hii peke yake inatosha kumfanya mtu asiifute bima kwenye bajeti.

Kuanzia mwishoni mwa 2023, mashambulizi dhidi ya meli kwenye Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za meli zinazokwenda Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mzigo wa kutoka Dar es Salaam hubadilisha meli kwenye bandari kubwa njiani kabla ya kufika. Ni jambo la busara kuhesabu miezi, na kuandika mstari wa bajeti unaoitwa maisha kabla ya mzigo: godoro au kitanda cha kuanzia, sufuria mbili, blanketi, nguo za baridi za watoto. Mstari huo si mdogo, na unafuta sehemu ya sababu ya kusafirisha vitu hivyohivyo, kwa kuwa ukishanunua godoro la kulalia kwa miezi mitatu huhitaji godoro jingine likufuate kwa meli. Magodoro yetu yote yametoka kwenye orodha kwa hoja hiyo.

Vitu vinavyohitajika mara moja husafiri kama mabegi ya ziada kwenye ndege ya abiria, na kwa mabegi machache bei yake mara nyingi huwa nafuu kuliko mizigo ya ndege. Mizigo ya ndege huhesabiwa kwa uzito wa kufikirika pale ujazo unapozidi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000, na kampuni nyingi za vifurushi hugawanya kwa 5,000. Katoni ya sentimita 60 kwa 40 kwa 40 iliyojaa mito ya kilo 5 italipiwa kilo 16 kwa hesabu ya kwanza na zaidi ya kilo 19 kwa ya pili.

Vinavyobaki vinauzwa, na mauzo hayo ni sehemu ya bajeti. Huku kwetu wakati mzuri wa kuuza jokofu, televisheni na makochi ni pale wakulima wanapolipwa fedha za korosho, kati ya Oktoba na Januari. Mwezi Juni kitu hichohicho hukaa sebuleni kikitafuta mnunuzi. Habari za kuhama zikienea, wanunuzi husubiri siku za mwisho wakijua bei itashuka. Kwa hiyo sisi tunauza kimoja kimoja kuanzia sasa, vikubwa kwanza, na fedha inakwenda kwenye akaunti ya safari bila kupitia mfuko wa matumizi. Sijaziandika fedha za vitu ambavyo havijauzwa, kwa sababu kochi lisilo na mnunuzi haliwezi kulipa wakala.

Nauli ya bahari hupangwa kwa dola, na tozo za kule ni kwa pauni, huku akiba yetu ikiwa ya shilingi. Nimeongeza asilimia 15 juu ya jumla yote kwa ajili ya mabadiliko ya thamani ya fedha, ukaguzi na ucheleweshaji, na fungu hilo halihesabiwi kama fedha ya kununulia kitu kingine hadi mzigo utakapokuwa ndani ya nyumba mpya. Malipo nayo tumeyagawa: ya kufunga na ya lori hulipwa hapa, ya wakala na ya bahari hulipwa tukishaona rasimu ya hati ya shehena yenye majina yaliyoandikwa sawasawa na pasipoti, na ya upande wa kule yamewekwa peke yake.

Kabla ya kufunga, kila kitu kikauke kabisa. Joto la kontena hupanda mchana na kushuka usiku, unyevu uliomo hugeuka matone kwenye dari na kudondokea mizigo, na pwani kama yetu nguo iliyoanikwa jioni huweza kuonekana kavu bila kuwa kavu. Tunafunga katoni mchana wa jua, na kila moja inawekewa vifuko vya kunyonya unyevu. Mitungi ya gesi, rangi, dawa za wadudu na viberiti haviingii, na vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule vinabaki kwenye mkoba wa mkononi.

Siku mzigo utakapofika, dereva atataka saini. Katoni zihesabiwe kwa namba kabla ya kusaini, na iliyobonyea au kulowa iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo ya mapokezi, kwa namba yake, na kupigwa picha ikiwa bado imefungwa. Uharibifu usioonekana kwa nje una muda mfupi wa kutolewa taarifa kwa maandishi, na chini ya kanuni za Hague-Visby zinazotumika kwenye mikataba mingi ya meli ni siku 3 tangu kupokea. Taarifa kwa kampuni ya bima itumwe siku hiyohiyo. Kwa hiyo hata kama nyumba mpya haijapangwa, katoni za vioo na vyombo vya udongo zifunguliwe kwanza.